Mwokoaji Hana Mkeka

Wasikilizaji wangu wa Kiroka, Mkuyuni, Kinole, Tawa na Matombo, nanyi mnaotusikia kutoka mjini Morogoro, leo tuzungumzie watu wanaofika mwanzo penye ajali na maafa, na hasa yanayowapata wakati kila mtu ameshakwenda zake. Tukisikia neno mwokoaji, mawazo hukimbilia kwenye sare: askari wa zimamoto mwenye kofia ngumu, trafiki, muuguzi wa zamu. Hao wapo na kazi yao ni nzito. Lakini itazameni barabara inayotoka Bigwa na kuzunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, ikapita Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, Mvuha na Kisaki. Fuso la ndizi likilala kwenye kona usiku wa masika, au udongo wa mlimani ukimeguka na kuangukia nyumba, gari la zimamoto litatoka mjini. Kabla halijafika atakuwa amefika dereva wa bodaboda, mkulima mwenye panga na kamba, na mama aliyevua kanga yake ya juu kumfunga majeruhi. Hawa ndio waokoaji wetu wa kwanza, na kuna usiku ambao huwa ndio wa mwisho pia. Ustahimilivu wao, yaani ile nguvu ya kuyaona mabaya na bado kuamka kesho yake kwenda shamba, tumezoea kuuhesabu kama mali ya mtu binafsi: huyu ana moyo, yule hana. Nadhani tunautafuta pasipo pake. Sehemu yake kubwa hutoka kwa watu wengine, kwa waliomfundisha mtu kabla ya siku ya ajali na kwa wanaobaki naye baada ya siku hiyo, na kwa hiyo ni jambo ambalo kijiji kinaweza kulipanga kama kinavyopanga zamu ya sungusungu.

Tuanzie karibu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, Idi ya kuchinja ikiwa mlangoni, lori la mafuta lilipinduka eneo la Itigi, Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota petroli kwa ndoo na madumu, moto ukalipuka, na baada ya wiki chache idadi ya waliofariki ilikuwa imepita 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja Morogoro kwenye mazishi ya Kola, na makumi ya majeruhi wakahamishiwa Muhimbili, ambako wengi wao hawakurudi. Habari hizo zilitangazwa na kuandikwa nchi nzima. Wasiohesabiwa ni wale waliobeba majeruhi, waliowatafutia usafiri, waliopanga miili ambayo ndugu walishindwa kuitambua kwa sura, na wauguzi wa hospitali ya mkoa ambao ndani ya asubuhi moja walipokea wagonjwa wa moto wasiolingana na vitanda walivyonavyo. Wala Msamvu haikuwa mwisho. Machi 2022 basi na lori viligongana Melela Kibaoni, kwenye barabara kuu ya kwenda Mikumi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mkoa huu umekaa njia panda ya nchi, na wanaokaa njia panda ndio wanaookota.

Msamvu ina jambo lake la pekee ambalo hatulisemi vizuri. Mara baada ya moto, mitaani pakaanza maneno: wamejitakia wenyewe, tamaa imewaua. Sitabishana leo na hukumu hiyo, ingawa naiona ni nyepesi mno kwa kifo cha namna ile. Ninachotaka mkione ni kilichomfika mwokoaji kwa ajili ya hukumu hiyo. Mtu aliyekwenda pale kuokoa, akarudi nyumbani halali, anashtuka akisikia harufu ya petroli kwenye kituo cha mafuta, angemweleza nani? Swali la kwanza ambalo angeulizwa ni hili: na wewe ulikuwa na dumu? Aibu iliyowapata wafu ikawamwagikia na waliowabeba, na palipo na aibu mtu hufunga mdomo. Kumbukeni mdomo huo uliofungwa.

Sasa ushahidi. Mwaka 2007 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa karibu watu 29,000 waliofanya kazi ya kuokoa na kuondoa kifusi pale New York, kwenye magorofa yaliyoangushwa tarehe 11 Septemba 2001. Miaka miwili hadi mitatu baada ya tukio, watu 12 hivi katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe cha kudumu: jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachokumbusha, hasira za ghafla. Jambo la kujifunza liko kwenye mgawanyo. Kwa polisi ilikuwa asilimia 6 na ushei. Kwa wajitoleaji wasio na kikosi wala chama, waliofika kwa sababu tu wana utu, ilikuwa asilimia 21. Wengi wa wajitoleaji hao walikuwa wanafanya kazi ambayo hawakuwahi kufundishwa, na uchunguzi huohuo uliona kuwa kufanya kazi iliyo nje ya fani ya mtu kunaongeza hatari. Mtu makini atasema polisi huficha, maana akikiri kuwa halali usiku atanyang'anywa bunduki na kuwekwa ofisini. Inawezekana, na kwa hiyo tusiiamini ile asilimia 6 kama msahafu. Lakini hata tukiiongeza mara mbili, bado mjitoleaji amezidiwa. Tofauti kati yao haiwezi kuwa ya damu. Polisi alikuwa na mafunzo, alikuwa na mkubwa wa kumwambia sasa pumzika, alikuwa na zamu, na alirudi kambini pamoja na watu walioona alichokiona. Mjitoleaji alirudi nyumbani peke yake kwa basi.

Huo ni ushahidi wa kabla ya tukio na wakati wa tukio. Na baada yake? Mwaka 2000 Chris Brewin na wenzake wa Uingereza walizikusanya tafiti 77 na kuzipima pamoja, wakiuliza ni nini kinachomtofautisha anayevunjika na asiyevunjika. Walikuta kuwa ukali wa tukio lenyewe, kukosa watu wa kumshika mkono, na shida za maisha zinazomwandama mtu baadaye vilikuwa na uzito zaidi ya yale aliyokuja nayo mwenyewe, kama historia yake na malezi yake. Hapa jirani, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani kuua watu 213 Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na jingine kulipuka Dar es Salaam siku ileile na kuua 11, Daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji Wakenya zaidi ya 2,800 ndani ya miezi michache. Theluthi moja na zaidi kidogo, asilimia 35, walikuwa na dalili za kiwewe. Walioelemewa zaidi ni pamoja na walioumia, waliofiwa, ambao hawakuwa na rafiki wa kumfungulia moyo, na ambao mfuko uliyumba baada ya bomu.

Rafiki na mfuko. Hebu tukae hapo kidogo, kwa sababu la mfuko husahaulika kila tunapozungumzia mambo ya moyo, kana kwamba moyo hauli. Dereva wa bodaboda aliyempakia majeruhi kutoka Mkuyuni hadi mjini ametumia mafuta yake, siti imelowa damu, na saa nne tano za kazi zimekwenda. Jioni bosi mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili. Majeruhi akifa, hakuna wa kumdai nauli, na mwenye utu hawezi kwenda kudai nauli msibani. Kesho asubuhi trafiki anamsimamisha kumuuliza damu hii ni ya nini. Huyu akipita siku nyingine penye ajali na asisimame, tutamwita hana huruma, kumbe anajua hesabu.

La rafiki lina kina zaidi, na kwa hili watu wa Uluguru hawana haja ya kufundishwa na mtu wa mbali. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James Christensen alichapisha makala juu ya utani wa Waluguru, na alichokieleza wazee wa hapa walikuwa wanakiishi bila makala. Ukoo una watani wake. Siku ya msiba, pale ambapo ndugu mikono imelegea, mtani ndiye anayeshughulika: kuosha, kuchimba kaburi, kubeba. Na huyohuyo anafanya vituko, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, mfiwa anajikuta anacheka na machozi bado yako shavuni. Aliyetunga utaratibu huu aliijua huzuni vizuri. Aliona kuwa kazi za mwili wa marehemu zisiachwe kwa aliyezidiwa na uchungu, kwamba kicheko kiruhusiwe rasmi, na kwamba watu wasimwachie mfiwa nyumba tupu mpaka matanga yaanuliwe. Tena kuna arobaini, ili yule ambaye wote wamemsahau kwenye wiki ya sita akumbukwe kwa nguvu ya desturi. Wataalamu wa leo wanapopendekeza kumfuatilia mtu kwa wiki kadhaa baada ya tukio, wanakuja kulekule.

Lakini mkeka wa matanga umetandikwa kwa ajili ya wafiwa. Aliyemtoa marehemu chini ya lori si ndugu, si mtani, pengine hakumjua hata jina. Hana mahali pa kukaa kwenye mkeka ule. Haletewi uji, haulizwi umelalaje, arobaini yake haijulikani ni lini. Jamii yetu ina ustadi mkubwa wa kumtunza anayelia, na haina utaratibu wowote kwa aliyeshuhudia. Hilo ndilo pengo, na ndilo ninalodai linaweza kuzibwa kwa vitu tulivyonavyo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza litatoka kwa wazee, na lina heshima yake: mbona sisi tulijikaza? Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Wanajeshi wetu, na maelfu ya mgambo waliotoka mashambani na viwandani, wakavuka mpaka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Walirudi, wakashika majembe, hakuna aliyeletewa mshauri nasaha. Nawaheshimu sana watu hao. Ila angalieni jinsi hoja hii inavyojihesabu. Ushahidi wa kwamba walijikaza tunaupata kwa wale waliofaulu kujikaza, walio hai na wenye sauti barazani. Aliyeishia kwenye gongo tulimwita mlevi, aliyempiga mkewe usiku akidhani yuko vitani tulimwita mkorofi, aliyetangatanga tulisema karogwa. Hatukuwahi kuwahesabu kama majeruhi wa vita, kwa hiyo hawaonekani kwenye hesabu ya wazee. Na hata waliofaulu, hawakufaulu mikono mitupu. Walikuwa na kikosi, cheo, wimbo wa pamoja, na taifa zima lililojipanga barabarani kuwapokea. Hayo ndiyo maandalizi na ndio watu wa kuwazunguka ninaowasema. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na ni jambo jema. Ila mkuki na ngao huwekewa waliokufa. Aliye hai mwenye jinamizi hana siku yake.

La pili ni zito zaidi: kumzungumzisha mtu mabaya aliyoyaona ni kumtonesha kidonda. Hapa watu wa kawaida wamewatangulia wataalamu. Tangu miaka ya 1980 ulienea duniani mtindo wa kuwakusanya waokoaji mara baada ya tukio, kwa kikao kimoja, kila mtu asimulie alichokiona na alivyojisikia. Ulipokuja kupimwa vizuri haukuonekana kuzuia kiwewe. Katika jaribio moja lililofanywa Wales kwa wagonjwa wa moto, na kuchapishwa mwaka 1997, waliofanyiwa kikao hicho walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya mwaka na mwezi mmoja: asilimia 26 walikuwa na kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya ambao hawakufanyiwa. Kwa hiyo bibi anayesema mwacheni kwanza apumzike hajakosea. Anakosea tu akiongeza kwamba tusimrudie tena. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 haumlazimishi mtu kusimulia. Unataka aangaliwe kama yuko salama na amekula, asikilizwe akitaka kusema, na aunganishwe na watu wake na huduma anazohitaji. Mwenyeji wa Kinole akiusoma atashangaa kwamba ilihitajika Geneva kuyaandika.

Wapo watakaosema dini inatosha. Kwa wengi inasaidia kweli, na imamu au padri anayemtembelea mwokoaji wiki ya pili anafanya kazi hasa ninayoitaka. Shida ni kwamba swala na misa hutangulia kumwombea marehemu, na jina la mwokoaji halimo kwenye tangazo.

Kisha kuna hoja ya fedha na wataalamu: madaktari wa akili ni wachache, na hao wachache wako mijini. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana sipendekezi tuwasubiri. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wanawake watu wazima wa mitaani, ambao watu wao huwaita mabibi, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuyatatua matatizo yake moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likiwa na wagonjwa 573 wa sonona na hofu, lilionyesha waliopita kwenye benchi lile walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisemi mabibi wa Harare walikuwa wanatibu waokoaji, wala sisemi mtani aachiwe kumtibu aliyeanza kusikia sauti. Huyo ni wa hospitali, kama mtu aliyevunjika mguu. Nasema tu kwamba kazi kubwa ya wiki zile za mwanzo inahitaji zaidi mtu anayeaminika na aliyefundishwa kidogo kuliko mtu mwenye shahada.

Na mahali pa kuanzia papo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji. Kamati ya kijiji ikiwa ipo kwenye karatasi tu, kazi yake ya kwanza yenye maana iwe daftari. Waandikwe madereva wa bodaboda, mafundi wenye minyororo na jeki, vijana wanaojua kuogelea, akina mama wa kikundi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Waitwe siku mbili tatu wafundishwe kuzuia damu na kumbeba aliyeumia shingo, na palepale waambiwe jambo ambalo hakuna anayewaambia: kwamba kukosa usingizi na kushtuka siku za mwanzo kunawapata wengi na mara nyingi huisha, lakini kukipita mwezi mtu aende kituo cha afya. Kuambiwa kabla kunamwondolea mtu hofu ya kudhani amerogwa. Siku ya tukio wapokezane, asibaki mmoja na miili tangu asubuhi hadi usiku. Wajumbe wawili wampitie nyumbani siku ya saba na siku ya arobaini, wasimhoji, wanywe naye chai. Mafuta ya pikipiki yarudishwe. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unawalipa madereva wa kijijini wanaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga kwa dharura kupitia namba 115. Kama taifa limeweza kumlipa dereva kwa mzazi, haliwezi kusema haliwezi kwa majeruhi.

Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika kwa mitumbwi na watu 24 wakatoka hai. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alipewa shilingi milioni 1 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na nchi ilifurahi pamoja naye. Ila mitumbwi ilikuwa mingi siku ile, na watu 19 walikufa mbele ya macho ya wale waliokuwamo. Zawadi humwendea mmoja, nayo ni shukrani tu. Matunzo yanapaswa kuwafikia wote, hata yule ambaye aliyemvuta alikufa mikononi mwake, maana huyo hatapewa zawadi na mtu yeyote.

Basi ombi langu ni kwa wenyeviti wa vijiji na watendaji wa kata, kuanzia Mkuyuni: kwenye mkutano ujao wa kijiji, baada ya ajenda ya shule na maji, ulizeni nani alikuwapo kwenye ajali ya mwisho, muandike majina yao. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba ya yule aliyefika kabla yao mnayo wenyewe kwenye simu zenu. Mpigieni jioni hii.